Wadau wa Mbeya: nikate bodi ya gari kwa kitu gani, grainda, mkasi au msumeno?

KijanaWaUyole

Habari zenu wadau. Niko Uyole hapa, nina Corolla 110 niliyoichukua kwa mtu mwaka juzi, injini haina neno kabisa, nimepanda nayo Kitonga nimejaza abiria na mizigo haikupiga hata kikohozi, shida yangu ni bodi. Kutu imekula juu ya matairi ya nyuma pande zote mbili na pale chini ya mlango wa dereva unapokanyaga ukiwa unaingia, yani ukibonyeza kidole unasikia inaita kama karatasi ya biskuti. Mafundi wawili nimewapelekea, bei waliyonitajia nikarudi nyumbani kimya kimya.

Sasa nimeamua nifanye mwenyewe uani. Kuchomelea najua kidogo, nimekaa kwa mjomba anayetengeneza mageti miaka miwili. Ila yale mageti tulikuwa tunakata bomba na fletibaa, bati jembamba la gari sijawahi kuligusa. Nyumbani kuna grainda kubwa ya mjomba ya inchi 9. Jirani anasema nunua ndogo, mwingine anasema jigso, ule msumeno wa umeme wa jani dogo, kuna mzee kaniambia mkasi wa bati unatosha, mdogo wangu kaangalia video huko anasema niende na plazma, ile mashine ya umeme inayokata chuma kwa moto mkali. Nina laki moja na nusu tu ya vifaa vya kukatia, sitaki kununua kitu nikakiweka stoo. Nichukue kipi?

TundumaBoda

Plazma ndo habari ya mjini mkuu, inakata kama unapitisha kisu kwenye maparachichi. Laki na nusu lakini hupati hata waya wake hahaha.

FundiBodi_Mafiati

Kijana, kwanza ile grainda ya inchi 9 mrudishie mjomba leo leo. Sio mbaya, ila ni ya nondo na mageti. Bati la bodi ya gari kama hiyo ni kama milimita 0.7 au 0.8 hivi, ukilipelekea dude zito la namna ile mkono ukiteleza kidogo umeshachana hadi sehemu nzima, na hapo ulitaka kutoa kidonda cha ukubwa wa kiganja.

Na nakuomba sana, usije ukafanya ule mchezo ninaouona kila siku wa kutoa gadi, ile kinga inayofunika diski, kwenye grainda ndogo halafu unafunga diski kubwa ya inchi 9 eti ikate haraka. Angalia maandishi kwenye diski yenyewe, ile ya milimita 230 imeandikwa mwisho mizunguko 6,600 kwa dakika, grainda ndogo inazunguka kama 11,000. Hiyo diski inapasuka na vipande haviangalii umevaa nini.

Kwa bajeti yako chukua hivi: grainda ndogo ya milimita 115, ile watu wanaita ya inchi nne na nusu, yenye swichi inayojizima ukiachia kama utaipata. Diski za kukatia chuma za unene wa milimita 1, sio zile za tatu. Halafu mkasi mmoja wa bati wa kukata moja kwa moja. Basi. Drili naamini utaazima.

Kwa nini milimita 1? Kwanza haichemshi bati sana. Bati la gari likichemka linavimba linabaki na tumbo, utalinyoosha hadi Krismasi. Pili, ukikata bati bovu na kiraka umeviweka pamoja, mwanya unaobaki unakuwa karibu sawa na unene wa bati, na huo ndio mwanya mzuri wa kuchomelea ncha kwa ncha. Ukikata na diski nene unabaki na mtaro, unaanza kuujaza kwa weldi, bati linatoboka, unajaza tena, linatoboka tena, mwisho unaleta pati, ile ya kupaka kuziba mashimo ya bodi, kilo mbili.

Ukikata usiende mstari mzima kwa mkupuo. Kata sentimita tano, hamia upande mwingine, rudi. Pembe usizimalize na grainda kwa sababu diski ni duara, itapitiliza, malizia na mkasi au jani la msumeno ulilolifunga kitambaa upande mmoja ukalishika kwa mkono.

DukaLaPembeni

Naongezea alichosema fundi. Mimi niko kwenye vifaa vya ujenzi na gereji Mwanjelwa, diski nauza kila siku. Vijana wanakuja wanasema mama nipe diski ya bei rahisi, nampa nimuonyeshe vitu vitatu hataki kusikiliza, anachukua anaondoka, kesho anarudi analalamika imeisha kwa kukata kidogo tu.

Ukishika diski angalia pale katikati kwenye pete ya bati, kuna tarehe imepigwa, mwezi na mwaka. Hizi diski zimeshikizwa kwa gundi maalum, ndo maana zinawekewa muda, kawaida miaka mitatu tangu zitengenezwe. Na unyevu unaziharibu, sasa wewe fikiria diski imekaa kwenye banda la mabati Tukuyu huko mvua karibu mwaka mzima. Ile haifai, hata kama inang'aa. Pia soma imeandikwa ya chuma au ya mawe, zipo zinafanana rangi. Ya mawe ukikatia bati inalika haraka halafu inachemsha.

Nyingine nasema ukweli: diski ya kukatia usisagie nayo kwa ubavu. Ile nyembamba ukiilaza inapinda na kuvunjika. Ukitaka kusaga weldi nunua diski ya msasa ya vipande vipande, namba 60 au 80. Ile nene ya kusagia mageti itakutobolea bati lote.

Bei sitaji hapa maana zinabadilika, ila kwenye laki na nusu ukijibana unapata grainda ya kawaida na diski za kuanzia na miwani. MIWANI NINASEMA.

Mnyalukolo_Ipogolo

Kamwene wote. Nimesoma hapo juu naona kila mtu umeme, umeme. Mimi ni mtu mzima sasa, niko Ipogolo Iringa, nilianza kazi ya bati kwa kutengeneza majiko na makarai kwa mapipa. Pipa la lita mia mbili tulikuwa tunalifungua lote kwa tindo na nyundo. Bati la pipa ni nene kidogo kushinda la gari yako, na linafungukaje? Unalaza tindo kwa mlalo kidogo, sio wima, chini unaweka kipande cha reli au chuma kizito, unapiga huku unasogeza, linachanika kama nguo. Halina cheche, halichemki.

Kwa gari tindo inafaa pale unapotaka kuachanisha bati mbili zilizoshikana na zile doti za kiwandani. Utaziona doti zenyewe, ni vishimo vya duara kama alama ya kidole kila baada ya sentimita tatu nne hivi, ukisugua rangi zinajitokeza. Piga senta panchi katikati, toboa kwa biti ya milimita 8 bati la juu tu usifike la chini, halafu ingiza tindo nyembamba katikati ya bati mbili, gonga kidogo inajibandua yenyewe. Vijana wanakata hapo kwa grainda wanakula bati la pili lililokuwa zima. Hilo la pili ndilo unalitaka libaki, kiraka kitakaa wapi?

Na kwa kuwa nimetaja pipa, mtu asije akachukua pipa la mafuta la zamani kwa ajili ya viraka akaanza kulikata na grainda. Linaweza kuwa limekaa tupu miaka mitano lakini mvuke bado umo, cheche moja linalipuka. Sisi tulikuwa tunakata kwa tindo na bado tulilijaza maji kwanza karibu lote.

KijanaWaUyole

Shikamoo mzee. Hilo la doti nilikuwa sijui kabisa, nilikuwa nakwenda kukata tu. Asante mama kwa la diski, nitapita dukani Mwanjelwa jumamosi.

Maswali mengine: jigso vipi? Na hivi nitajuaje mwisho wa kutu uko wapi, maana kwa nje rangi inaonekana nzuri tu isipokuwa pale palipotoboka.

FundiBodi_Mafiati

Jigso ni nzuri kwenye boneti au paa, sehemu pana iliyo tambarare, na unaweka jani la meno madogo madogo la chuma, kanuni ni kwamba angalau meno mawili matatu yawe yanagusa unene wa bati. Hata msumeno wa mkono hivyo hivyo, chukua lenye meno 32 kwa inchi, la 18 litakwama kwenye bati jembamba na kung'oka meno. Lakini juu ya tairi pamejikunja, jigso inaruka ruka, kitako chake hakikai, na bati linatetemeka linapiga kelele mtaa mzima wanajua unakata gari. Kwa kazi yako achana nayo.

Kutafuta mwisho wa kutu: tafuta spika mbovu ya redio, toa ile sumaku, ifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Ipitishe taratibu kwenye bodi. Palipo na bati inang'ang'ania, palipo na pati inalegea na pakiwa pati nene inaanguka kabisa. Mimi ninayo ya toka 2009 imezunguka magari sijui mangapi. Weka alama kwa chaki kila inapoanguka. Baada ya hapo gonga gonga kwa kishikio cha bisibisi, bati zima linaita, bati lililooza linafanya tup tup. Unaongeza sentimita mbili au tatu nje ya alama za chaki, hapo ndo unakata. Watu wanakata palepale kwenye tundu wanachomelea kiraka kwenye kutu, miezi sita tundu jipya kando ya kiraka. Kutu haikai pale ulipoiona tu.

Na ndugu yangu usijilaumu, magari mengi yetu haya yanakuja yameshaanza. Huku kwetu hakuna bahari wala chumvi barabarani, ila kule Japani sehemu za theluji wanamwaga chumvi barabarani kila baridi, inakaa ndani ya bodi. Ikifika huku na tope la kwetu likajaa humo ndani ya upinde wa tairi, likakauka, likalowa, kazi inaendelea.

Mwl_Rungwe

Samahani mimi sio fundi ila naomba nisimulie kidogo ili mtu ajifunze. Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa namsaidia shemeji yangu kukata fenda. Unajua baridi ya huku mwezi wa saba, nilikuwa nimevaa sweta la kusukwa na skafu. Grainda ikateleza kidogo, uzi wa skafu ukashikwa, ndani ya nusu sekunde grainda imenipanda kifuani. Kilichoniokoa ni kuwa ile skafu ilikuwa kuukuu ikakatika. Sweta likabaki na tundu na mimi nikabaki na alama. Toka siku hiyo nikishika grainda nakubali kutetemeka kwa baridi, navaa ovaroli ya pamba iliyofungwa vifungo, basi.

Shemeji naye hakuvaa miwani, kipande kidogo sana cha chuma kikaingia jichoni, kama chembe ya pilipili manga. Jirani mmoja akataka kukitoa kwa njiti ya kiberiti, nikakataa. Hospitali walikitoa, na daktari akasema chuma kikikaa jichoni hata siku moja mbili kinaacha duara la kutu kwenye jicho, jicho nalo linapata kutu kama gari. Kwa hiyo mdogo wangu wa Uyole miwani ile iliyofunga pembeni, sio miwani ya jua.

TundumaBoda

Mwalimu umenitisha, mimi nilikuwa nakata na kandambili

DukaLaPembeni

Wewe TundumaBoda siku moja utatupa kazi ya kuchangisha. Viatu vya ngozi mwanangu. Na usivae soksi za nailoni cheche ikiingia inaganda na ngozi.

FundiBodi_Mafiati

Nilisahau la muhimu kuliko yote. Kijana, kabla ya kuwasha grainda toa waya wa betri, ule hasi. Ng'oa kapeti chini ya mlango wa dereva, pale kuna fungu la waya linaelekea nyuma kwenye taa na pampu ya mafuta. Linapita karibu kabisa na hapo unapotaka kukata. Livute pembeni ulifunge na kamba.

Nyuma, upande wenye kifuniko cha mafuta, bomba la kujazia mafuta linashukia humo humo nyuma ya upinde wa tairi. Toa bodi ya plastiki ya ndani ulione kwa macho. Upande huo mimi situmii grainda kabisa, natumia mkasi na msumeno wa mkono, na bomba nimelitoa nimeziba tundu la tangi. Kuwa na ndoo ya mchanga na mtu wa pili wa kuangalia, kwa sababu wewe umevaa miwani na una kelele masikioni, kapeti likianza kufuka moshi hutaona.

Vioo vifunike na gunia lililoloweshwa maji. Cheche za grainda zinaganda kwenye kioo, baadae unakuta vidoti vya kahawia havitoki hata uoshe na nini.

Mnyalukolo_Ipogolo

Fundi umenena. Na mkasi, kijana akiweza kupata zile za rangi, mkono wa kijani unakata kwenda kulia, mwekundu kushoto, njano moja kwa moja. Akipata wa njano tu unatosha, ila mviringo wa juu ya tairi utamsumbua mkono. Kiraka kwanza akichore kwenye boksi, boksi la sabuni ndio zuri ni gumu, alijaribishe pale pale mpaka likae, ndipo ahamishie kwenye bati. Boksi ukikosea unatupa, hulii.

Bati la kiraka asitumie la kuezekea nyumba. La geji 28 au 30 ni jembamba mno, likiguswa na weldi linakimbia, na lina madini ya zinki, ule moshi mweupe ukivuta usiku unatetemeka kama una malaria. Atafute mlango wa gari iliyokufa, gereji ziko nyingi.

KijanaWaUyole

Wadau nimerudi, imepita kama wiki mbili na nusu. Nilinunua grainda ndogo, diski kumi za milimita 1, mkasi wa moja kwa moja na miwani, drili nikaazima kwa mjomba. Nilibakiwa na elfu kumi na mbili nikanywea supu.

Upande wa kulia nyuma nimeumaliza. Sumaku nilitoa kwenye redio ya marehemu babu, ilianguka karibu upande wote, yani kutoka taa ya nyuma hadi karibu na mlango, pati tupu. Nilipoanza kuitoa pati kwa tindo (mzee asante) ikatoka ganda zima unene wa kidole, nyuma yake nikakuta gazeti limekunjwa limejazwa, na kipande cha kopo la rangi kimepigwa ribiti nne. Limeandikwa bado rangi nyeupe ya mafuta. Aliyeniuzia aliniambia gari haijawahi kuguswa bodi.

Basi tundu nililodhani la kiganja likawa la mkono mzima. Nilikata kama fundi alivyosema, kidogo huku kidogo kule, nikigusa na mkono bati lilikuwa la vuguvugu tu halichomi. Doti za chini nilitoboa kumi na moja, mbili nilipitiliza hadi bati la ndani lakini nimeziba. Pembe nilimalizia na jani la msumeno, ndo palipochukua muda kuliko kote. Boksi la sabuni nimeharibu matatu. Kiraka nimetoa kwenye mlango wa Carina iliyotelekezwa gereji ya jirani, kinalingana unene kabisa.

Kuchomelea nilitumia mashine ya mjomba ya vijiti, nikaomba vijiti vyembamba vya milimita 2, na umeme nikaushusha hadi chini kabisa, doti moja hapa doti nyingine mbali. Nimetoboa mara nne hivi. Sio kazi ya kuonyesha watu lakini sumaku inashika.

FundiBodi_Mafiati

Hongera sana. Gazeti sishangai, mimi nimeshakuta soksi. Ndani kabla hujafunga umepaka nini?

KijanaWaUyole

Redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili fundi, na tundu la kutolea maji chini nimelizibua, lilikuwa limejaa udongo hadi nyasi zimeota. Upande wa kushoto ndio wenye bomba la mafuta, huo nasubiri mjomba awepo, nimeshaloweka gunia.

DukaLaPembeni

Diski umetumia ngapi mpaka sasa?

KijanaWaUyole

Sita mama. Moja niliivunja kwa kuilaza ubavu, nilisahau.